Kofia za Uzeeni za Bi Mahbuba

Bi Mahbuba binti Marhoon alianza kushona kofia tangu Unguja, katika ukumbi wa nyumba ya marehemu mumewe mtaa wa Malindi, asubuhi ikinukia mkate wa mofa na karafuu za jirani. Kofia za kawaida aliziuza. Zile zilizomtoka vizuri zaidi alizitia wanga na kuzilaza sandukuni, wala hazikuguswa na kichwa cha mtu.

"Hizi ndizo zitakazonilisha nikishindwa kutunga sindano," akiwaambia shoga zake. Mtoto hakujaaliwa, na shamba hakuachiwa.

Mwaka wa sitini na nne ulipowatawanya watu, waliomkagua bandarini walimvua bangili, wakalifungua sanduku, kisha wakalifunga tena. Kofia tupu, walisema. Ndivyo akiba yake ilivyofika Matrah, bandari ya Omani, salama.

Waunguja wa Matrah siku hizo walikuwa wachache, na aliyekuwepo akizikumbuka leo humshika hamu. Nazi zilikuja kwa taabu kutoka Malabar, na nyumba moja ikipata ya kukuna, vibakuli vya mchuzi vilizunguka mtaa mzima. Wazee waliweka mchango wa kila mwezi kwa ajili ya waliofika mikono mitupu. Kila nyumba ilitoa kwa kadiri ya mali yake, ila kilichowekwa kwa uzee kilisamehewa. Kanuni ilikuwa njema. Walioiharibu ni watu.

Wa kwanza alikuwa Bwana Aflah, mwenye duka la vitambaa na mshika fedha wa mchango. Dhahabu ya nyumba yake ilivushwa mapema, kabla ya ghasia, na yote akaiita akiba ya uzee. Basi akawa anatoa kidogo kuliko mchukuzi wa mizigo. Wenye dhahabu wengine wakamfuata, na mchango ukapwaya. Mwaka wa sitini na saba akatangaza kwamba kofia za Bi Mahbuba ni bidhaa, si akiba, na lazima zitolewe mchango.

Bi Mahbuba hakulala vizuri wiki ile. Macho yalikuwa yamekwisha kuanza kumtupa. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe aliuona kwa kupapasa. Sanduku likipungua kila mwezi, siku macho yatakapozima kabisa hatakuwa na chake, naye atakula kwa huruma za watu.

Ijumaa baada ya Alasiri watu walikutana kwa Mzee Bakhit, mkubwa wao. Wanaume walikaa barazani, wanawake nyuma ya pazia.

"Mzee Bakhit, nna neno," alisema Bi Mahbuba.

"Sema, binti Marhoon."

"Kofia zangu zimekuwa bidhaa tangu lini?"

"Tangu ulipoziweka mpya, bibi," alijibu Bwana Aflah. "Kitu kisichovaliwa ni cha kuuzwa. Dhahabu mtu huivaa, ikakaa."

Amur, mchukuzi wa bandarini, hakuweza kujizuia. "Basi zivae zote, Bi Mahbuba! Moja juu ya moja. Mlangoni utapita umeinama, lakini hutotozwa!"

Baraza lilicheka. Bi Mahbuba alingoja wamalize.

"Cheka, mwanangu Amur. Akiba yako ni huo mgongo wako, na unatoa kuliko mwenye duka. Nani aliyekusamehe wewe?"

Amur akamgeukia Bwana Aflah.

"Sitaki nisamehewe zote," aliendelea. "Kila mtu aachiwe cha kumlisha mtu mmoja uzeeni, mwenye dhahabu sawasawa na mwenye kofia. Kilichozidi kichangwe."

"Hiyo ni husuda tu," alisema Bwana Aflah. "Watu hatuko sawa. Aliyezoea makubwa, na uzee wake una gharama kubwa."

"Kwani wewe, Bwana Aflah, utazeeka mara ngapi?"

Mtu mmoja aliguna, mwingine akaficha mdomo kwa ncha ya kilemba. Bwana Aflah alisimama. "Ile dhahabu yangu siyo..."

"Dhahabu ya nani?"

Ilikuwa sauti ya Kheiria, mkewe, mwanamke aliyekuwa mkimya hata majirani walidhani ana kigugumizi.

"Mzee Bakhit, ile ni mahari yangu na urithi wa mama yangu. Sijampa mtu. Na tena, mimi sijazeeka."

"Kheiria, tutazungumza nyumbani."

"Nyumbani hukuniuliza. Basi mimi nasema hapa: niachiwe kiasi atakachoachiwa Bi Mahbuba, na kinachozidi nitakichanga mwenyewe."

Mzee Bakhit alijua, kama walivyojua wote barazani, kwamba mali ya mke si ya mume. Aliuliza neno moja tu: "Kweli, Aflah?"

Bwana Aflah alitazama busati. Alikuwa na aibu, na aliistahili. Mtu anayejificha nyuma ya mali asiyoimiliki ili asimsaidie mwenye njaa hana cha kulalamika akifichuliwa.

Kanuni ikageuzwa jioni ile ile, kama alivyosema Bi Mahbuba. Hakupongezwa na wote. Nasriya, jirani yake mwenye mikufu, alikaa miezi bila kumwamkia.

Ijumaa iliyofuata Bi Mahbuba alizitoa kofia zilizozidi kiwango chake, akazifunga katika kanga na kuzipeleka dukani kwa Bwana Aflah, ambaye wazee walimwacha aendelee kushika fedha.

"Umetuaibisha mbele ya watu," alisema Bwana Aflah, "kisha unaleta mwenyewe? Si ungekaa kimya! Nani angekuja kulifungua sanduku lako?"

"Nilisema kilichozidi kichangwe. Sikusema cha wengine tu."

Bwana Aflah alizipokea bila kuzitazama na kuzisukuma chini ya meza.

"Taratibu, baba," alisema Bi Mahbuba. "Kununa nuna, lakini usinivunjie wanga. Hizo zinakwenda kulisha watu."