Mkwe wa Lusha na Bega Jeupe

Wifi yangu Lusha hapatani na vitu viwili: supu ya borshti iliyopoa na mwanamume mwoga. Cha kwanza namuunga mkono.

Siku za kazi anaendesha basi la shule hapa bondeni kwetu, Slocan. Jumamosi anavaa ski zake, zile mbao za kutelezea thelujini, anatuongoza kupanda mlima, na ole wako uchelewe. Zamani alipanda na mumewe Wasya, ambaye ni kaka yangu, mpaka theluji ilipomporomokea kaka kwenye mteremko tunaouita Bega Jeupe. Tulimfukua akiwa hai, mguu umevunjika. Tangu hapo Wasya ni mtu wa jikoni, na wala halalamiki.

Lusha naye hakuwahi kuteleza Bega Jeupe mpaka chini. Kila mwaka theluji ilimkatalia. Mwaka huu daktari akasema goti lake litapasuliwa mwisho wa baridi, na baada ya hapo asahau safari ndefu. Kwa hiyo Jumamosi ile ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na sote tulijua.

Akaja na mkwe. Lorne, mume wa binti yake Nadya, ametoka Saskatchewan, kwenye mashamba ya ngano, ambako ukipanda juu ya tuta la reli umeshafika kileleni. Lusha hakumwita jina, alimwita Ngano. Maskini kijana, kila neno la pili lilikuwa "mama", na jasho lilimtoka hata mezani.

Kundi letu lina sheria moja: mtu yeyote akisema hapana, wote mnageuka, na haulizwi kwa nini.

Juu kule tulichimba shimo kwa mabeleshi, tukakata nguzo ya theluji, nikaigonga kwa kiganja kupima kama itashika. Chini yake kulikuwa na sakitu, yaani umande ulioganda, ya mwezi uliopita, iliyofunikwa ikiwa bado laini kama manyoya, na juu ya kitu hicho theluji yote inaweza kuteleza. Niligonga sana ndipo ikakatika. Si nzuri, si mbaya. Mimi nikasema twende, mmoja mmoja, wengine wasubiri mitini. Tukahakiki redio za kifuani, zile zinazotusaidia kumtafuta aliyefukiwa. Lusha alikuwa ameshakaza viatu, anaimba.

"Mama," Lorne akasema, "mimi hapana."

Nusura nimrushie beleshi. Lusha aliutazama mteremko ule mpaka chini. Sheria ni yake mwenyewe.

"Haya," akasema. "Tugeuke."

Tukashuka msituni, katikati ya mierezi, theluji ya magotini, laini ajabu. Lorne alianguka, akaviringika kama gunia, akaamka na ndevu nyeupe. Lusha alijikaza asicheke, akashindwa. Tulifika chini tunaimba sote, nami nilikuwa na furaha ya kitoto. Lakini Lusha hakumsemesha mkwe wake. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, ila nani angethubutu kumwambia Lusha?

Nyumbani Wasya alikuwa ameshapakua borshti. Akauliza habari za Bega Jeupe.

"Muulize Ngano," Lusha akajibu.

Lorne akaweka kijiko chini. Akasema aliogopa, basi, hana sababu nyingine, na anamwomba mama msamaha kwa kumharibia siku yake.

Wasya akaacha kukata mkate.

"Hata mimi niliogopa siku ile," akasema.

"Siku gani?"

"Iliyonifukia. Tukiwa bado juu, niliogopa. Nikaona haya kukwambia."

Lusha akamkodolea macho. "Miaka yote hii, Wasya?"

"Ulikuwa umevaa ile kofia nyekundu. Mwanamume gani angekwambia hapana?"

Lusha alimchapa kwa kitambaa cha vyombo, mara ya kwanza akicheka, mara ya pili akilia. Nami nililia, sikatai. Kaka yangu wa tumbo moja, tungemzika kwa ajili ya kuona haya tu.

Kisha Lusha akavuta kiti, akakaa karibu na mkwe wake.

"Lorne," akasema, na ndiyo mara ya kwanza nalisikia jina hilo kinywani mwake. "Ukiogopa tena, sema. Usijali nimevaa kofia gani."