Ukumbi Mpana Kuliko Mkoko

Tangu nirudi Mombasa, kuna swali moja lililoninyima usingizi. Mtu akikuuliza kama ulimwona mwanawe akifa, nawe hukumwona, ukamjibu "sikumwona", je, umemwambia kweli? Nililigeuza swali hilo kila upande, maana ndiyo tabia yangu. Hata kuchagua upande wa barabara hunichukua muda. Kila nikilipima jibu langu lilikuwa kweli. Na kila nikilipima tena nilimwona Bi Zuhura ameketi kwenye vyumba vya juu vya posta ya zamani, amelishika neno hilo moja kwa mikono miwili.

Siku vita vilipoanza Khartoum ilikuwa Jumamosi ya Ramadhani isiyo na jambo. Mimi na Athman, mwanawe Bi Zuhura, tulikuwa mwaka wa mwisho chuoni, tukisomea usanifu wa majengo, na tulipanga chumba kimoja. Tulikula daku, tukaswali, tukalala tena. Nilipoamka, Athman alikuwa sakafuni na karatasi zake, akichora kazi yake ya mwisho: namna ya kulitengeneza jengo la posta ya zamani, Mji wa Kale, Mombasa. Alizaliwa humo. Babu yake alikuwa karani, akapewa vyumba vya juu. Ofisi ilipohamishwa, babu hakuhama, na ukoo ukabaki pale juu ya kaunta tupu.

Mimi nimelelewa Kizingo, kisiwa hicho hicho, lakini tulikutana ugenini. Jengo lao nilikuwa nimelipita mara nyingi nikiwa ndani ya gari la baba. Sikuwahi kushuka.

"Nyinyi wa Kizingo mwajua milango ya gari tu," aliniambia asubuhi ile. "Mlango wa nyumba mtauonea wapi?"

Nilikuwa natafuta la kumjibu wakati mshindo wa kwanza uliposikika. Tulidhani ni mtungi wa gesi. Ukafuata wa pili, kisha milio midogo midogo iliyoshikana kama mvua juu ya bati. Athman alikunja karatasi zake taratibu, akaziweka chini ya godoro.

Umeme ulikatika, kisha maji. Tulihamia kwenye ujia wa ndani, mahali pasipo na dirisha, tukaegemea ukuta ambao sikuacha kuufikiria. Unene wake ulikuwa tofali moja. Nilimwambia Athman kwamba risasi itaupita. Akasema anajua, ninyamaze, niingie posta.

Hivyo ndivyo alivyonituliza. Milio ikikaribia, alinitembeza ndani ya jengo lao kwa sauti ya chini, kama mtu anayemshika mkono kipofu. Kwanza kuta: mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba alipokuwa mdogo alilala mchana ndani ya dirisha bila kuanguka. Kisha zidaka, vile vishubaka vya ukutani ambamo watu wa kale waliweka misahafu na vyombo vya kauri, kwani kabla ya kuwa posta jengo lilikuwa nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu. Makarani wa kwanza hawakuwa na makabati, wakazitumia zidaka hizo kupangia barua. Hiki cha Lamu, hiki cha Unguja, hiki cha Mukalla, kile cha Bombay. Ukipangusa vumbi, alisema, wino wa majina bado uko.

Halafu angeniambia nitazame juu.

Juu ndiko alikokupenda. Vyumba vya Mji wa Kale ni vyembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuwa ndefu kuliko mti wake. Mwenye nyumba hata awe na mali vipi, upana wa chumba chake huamuliwa na mkoko. Lakini ukumbi wa posta ulikuwa mpana karibu mara mbili ya vyumba vya majirani. Waliovunja vyumba viwili ili wapate ukumbi mmoja walichukua vyuma vya reli vilivyobaki njia ya treni ilipojengwa, wakavilaza kutoka ukuta hadi ukuta, na boriti zikakaa juu ya vyuma.

"Fikiria," alisema. "Reli iko juu ya kichwa chako, na wewe waja kununua stampu."

Nilifikiria. Katika ujia ule, mdomo umekauka kwa saumu na kwa hofu, nilishangazwa na dari nisiyowahi kuiona. Nilisahau kwa muda kuwaza tofali moja.

Akiba ya maji ikaisha.

Kisima cha msikiti kilikuwa kona ya pili. Tulikwenda kwa zamu, baada ya alasiri, milio ilipopungua.

Siku ile ilikuwa zamu ya Athman. Alijifunga kikoi chake, akachukua madumu.

"Tumefika wapi?" aliniuliza mlangoni.

"Kwenye ngazi."

"Nikirudi twapanda."

Kombora liliangukia upande wa msikiti.

Ujia ulijaa vumbi. Nilitoka mpaka langoni. Mtu mwenye bunduki, sijui wa upande gani, alinipungia mkono nirudi. Nilipopiga hatua nyingine alifyatua risasi ardhini mbele yangu.

Nilirudi ndani.

Kesho yake alikuja Ammi Idris, mzee muuza mikate aliyekaa ng'ambo ya barabara. Aliniambia kwamba waliokufa kisimani, yeye na majirani wamewazika kwenye uwanja wa shule, kwani makaburini hakufikiki. Mmoja wao alikuwa kijana mrefu, mgeni, amejifunga kitambaa cha mistari. Akasema, huyo ni mwenzako. Nilimwuliza kama aliutazama uso wake.

"Mwanangu," alisema, "usiniulize habari za nyuso."

Niliondoka na basi la wanafunzi lililokwenda Port Sudan. Njia nzima niliwaza kwamba vitambaa vya mistari ni vingi, na wageni warefu ni wengi. Karatasi za Athman zilibaki chini ya godoro. Baadaye niliambiwa nyumba ile imeungua.

Nilipofika Mombasa nilikwenda posta ya zamani kwa miguu. Mlango mkuu ulikuwa wazi. Niliingia ukumbini nikasimama. Kila kitu kilikuwa pale alipokiweka. Dirisha lenye kina cha kulaza mtoto. Kaunta ya mvule iliyolainishwa na viwiko vya watu. Nilikwenda kwenye safu ya zidaka, nikahesabu kwa kidole kama alivyonifundisha, nikapangusa vumbi: Mukalla, wino wa rangi ya kutu, kwa herufi za Kiarabu. Nikatazama juu. Reli zilikuwa zimelala ukuta hadi ukuta, nyeusi, na juu yake boriti zimepangana kama mbavu. Nilihisi nimeingia ndani ya sauti ya rafiki yangu.

Kuanzia ngazi nilikuwa peke yangu. Hakuwahi kunipandisha.

Bi Zuhura alinipokea, nikamwamkia, akaniketisha. Nilimweleza yote: kisima, kombora, maneno ya mzee, kitambaa cha mistari. Nilipoanza kutaja kaburi alininyamazisha kwa kiganja. Kisha akauliza jambo moja.

"Wewe ulimwona?"

"Sikumwona, Mama."

"Basi," akasema, akanimiminia kahawa.

Kutokea hapo hakukuwa na matanga wala hitima. Alisikia kwamba kuna watu wamefungwa huko, na kwamba wengine wameanza kutoka. Kila aliyerejea kutoka Sudan alitafutwa akaulizwa. Jamaa walimwendea Imamu wa msikiti wao ili Athman aswaliwe swala ya ghaibu, ile anayoswaliwa maiti aliye mbali. Imamu akawajibu kwa upole kwamba hawezi kumswalia mtu ambaye shahidi wake mwenyewe hajaamua. Maneno hayo niliyaletewa Kizingo, nami nikayaongeza kwenye hesabu zangu.

Kisha wakfu unaomiliki jengo ukaamua kulitengeneza, na fundi aliyepewa kazi, mtu wa Kwale aitwaye Mwero, akatafuta kijana wa kumpimia na kumchorea. Niliomba kazi hiyo. Jengo nililijua kuliko mtu yeyote asiyezaliwa humo.

Tuligundua mapema kwamba zile reli ndizo ugonjwa. Chuma kikiliwa na chumvi ya bahari huvimba, na kinapovimba hupasua chokaa na kusukuma mawe ya ukuta. Nyufa zilikuwa zimepanda mpaka chumba anacholala Bi Zuhura. Ilibidi sakafu yote ya juu iondolewe, na ili iondolewe ilibidi yeye ahame kwa muda. Dadake wa Kibokoni alikuwa na nafasi. Wakfu ulikubali kwa maandishi kwamba atarudi. Alikataa.

"Mwanangu akija anikute wapi?" aliwaambia. "Aanze kuniuliza njiani kama mgeni?"

Mwero alijaribu, akashindwa, akanivuta kando. "Injinia," aliniambia, na jina hilo alinipa kwa mzaha kwa sababu napima kila kitu mara tatu, "dari haimngoji mtu."

Siku moja nilikuwa napima baraza ya jiwe iliyo ukumbini, kando ya mlango wa ndani. Katikati ililika, ikawa na shimo kama sahani. Bi Zuhura aliteremka na chai, akaniona nashangaa, akanieleza. Enzi za simu za waya, zile telegramu za maandishi, simu ya kifo haikukabidhiwa mtu mlangoni. Mkwewe, yule karani, alimwita mwenyewe ndani, akamketisha hapo, akampa maji, ndipo akamsomea. Mji mzima ulijua. Kuitwa posta hakukutisha mtu. Kuambiwa keti ndiko kulikokuwa habari yenyewe.

"Mimi nalikuwa juu nikisikia," alisema. "Hakuna aliyelia kabla ya kuketi."

Nililitazama lile shimo la jiwe baada ya yeye kupanda. Vifo vya koo ngapi vimelikwangua hivyo?

Juma lile kipande cha dari kilianguka chumbani mwake, kati ya kitanda na dirisha, yeye akiwa msalani. Aliokota mawe mwenyewe, akayaweka kwenye karai, akasema ni kidogo.

Niliacha kupima. Nilijikumbusha jambo moja ambalo nilikuwa nalo siku zote: Athman hakuweza kula futari bila kumpigia mamake kumwambia alichokula. Miezi yote hiyo hakupiga. Hakukuwa na gereza wala njaa ambayo ingemfanya akae kimya hivyo kama angekuwa hai na kuna mtu mmoja wa kumtuma. Sikuhitaji uso.

Kesho yake, baada ya alasiri, nilipanda mpaka kilele cha ngazi nikasimama hapo.

"Mama, tushuke chini kidogo."

Alinitazama. Alijifunika leso akanifuata, mkono mmoja ukutani. Tulipofika ukumbini nilimwonyesha baraza.

"Keti, Mama."

Hakuketi. "Wewe ndiwe waniambia niketi?"

"Ndimi."

"Si fundi, wala Imamu."

"Ni mimi, Mama."

Akaketi. Nilimpa gilasi ya maji.

"Athman amefariki," nikasema. "Sikumwona, lakini najua."

Alikaa na gilasi mapajani. Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, akatoa salamu mlangoni, hakujibiwa. Kisha Bi Zuhura akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la nyumbani:

"Walimwelekeza kibla?"

Nilimwambia ndiyo. Ammi Idris alilichimba kaburi kwa mkono wake, akamlaza kwa ubavu wa kulia, akamwelekeza kibla. Hayo aliniambia bila ya mimi kumwuliza.

Akasema Inna lillahi, akayanywa maji mpaka tone la mwisho. Kisha alilia, nami nilisimama karibu, sikujua niweke wapi mikono yangu.

Reli zitatolewa, na ukumbi utabaki mpana. Hayo tunayaweza. Aliyelijua jengo hili kwa moyo amelala kwenye uwanja wa shule katika mji wa watu, na nilichopata badala yake ni uwezo wa kulieleza nusu yake. Nimejaribu kuona kama vitu hivyo viwili vinakaribiana. Havikaribiani.

Alipotulia aliniambia nimpelekee Imamu habari, na nimwambie Mwero aje kubeba kitanda. Nilitoka. Msikiti si mbali, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikupanga njiani nitakalosema. Yalikuwa maneno mawili tu, na nilikwisha kuyasema mbele ya aliyestahili kuyasikia kwanza.