Majivu Kwenye Sufuria Zangu

Fundi cherehani aliingia saa saba mchana kama kawaida yake, akanawa mikono, akakaa kwenye benchi la ukutani, kisha akatoa kwenye mfuko wa nailoni sahani yake mwenyewe. Sahani ya bati yenye maua mekundu, imefungwa gazeti pamoja na kijiko. Akaifuta kwa leso, akaniwekea mezani.

"Usinifikirie vibaya, mwanangu," alisema. "Mie chakula chako nakipenda. Ni mke wangu tu. Ameona ile televisheni."

Mzee yule alikuwa akila kwangu tangu siku niliyofungua. Nilipojifungua alikuja kuuliza nafungua tena lini, akaleta na kigauni cha mtoto alichokishona kwa vipande. Wateja wengine walikuwa wameshaniacha kwa wiki nzima, na mie nilivumilia, nikasema watarudi. Huyu hakuniacha. Alikuja na sahani yake, na hapo ndipo uvumilivu uliponiishia.

Sikumjibu vibaya, umri wake hauruhusu. Nilimpakulia, nikangoja amalize, nikaiosha sahani yake mbele ya macho yake mara mbili, nikamfungia kwenye gazeti lake. Halafu nikahamisha wali uliobaki, nikaiviringisha sufuria kubwa kwenye gunia na masizi yake, nikamfunga mtoto mgongoni, nikafunga mlango. Saa nane mchana! Sikuwahi kufunga saa nane.

"Unakwenda wapi na sufuria?" mzee akaniuliza.

"Televisheni."

Hoteli yangu ilikuwa Mwananyamala: chumba kimoja, mabenchi manne, na jiko la kuni uani. Niliifungua baada ya mume wangu kupunguzwa kiwandani. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, lakini cheti hakiliwi. Nilipika wali, maharage, mchicha, samaki wa kukaanga, na Ijumaa pilau. Wakala waashi, wakala madereva, wakala watu waliokuja kuangalia wagonjwa wao hospitali. Kisha vibanda vya chipsi vikaota mtaani kote, vijana wakahamia huko, na mabenchi yangu mawili yakawa yanakaa bure.

Siku moja akaja binti mwenye daftari na miwani ya jua kichwani. Alisema anatoka televisheni. Wakati huo televisheni yenyewe ilikuwa ngeni kwetu. Aliyekuwa nayo aliiweka karibu na dirisha ili sie wengine tusimame nje tuangalie.

"Sista, tunasikia hoteli yako inakufa."

"Haifi. Ina mafua."

Akacheka, akaandika. "Tuna kipindi kipya, tunaokoa hoteli. Tunakuletea mpishi mkubwa, anakaa na wewe siku mbili, anakurekebishia kila kitu. Watu wakikuona kwenye televisheni watajaa mpaka nje."

Nani angekataa? Nilikubali kabla sijamuuliza mume wangu, na sikumuuliza yule binti swali hata moja. Kosa hilo ni langu, na nalisema mwenyewe kabla mtu hajanisemea.

Mpishi alikuja na kofia nyeupe ndefu iliyogusa boriti za dari. Alikuwa mtu wa hoteli kubwa za mjini, kazi yake yote kaifanyia kwenye gesi. Sitamsingizia: alikuwa mpole, na alinifundisha jambo moja la maana, kuandika vyakula vya siku kwenye ubao mlangoni ili mtu asione haya kuuliza. Ubao huo nimeutumia miaka yote.

Sasa, anayepikia kuni anajua. Kabla ya kuinjika sufuria unachanganya majivu na maji kidogo, unaipaka kwa nje, chini na ubavuni, mpaka iwe ya kijivu kama tembo. Moto ukiwaka, masizi yanashika kwenye majivu, hayashiki kwenye sufuria. Ukimaliza kupika unaimwagia maji na yote yanateleza. Asiyepaka anakwangua mpaka kucha zinaisha. Bibi yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma. Asubuhi waliyofika mpishi na watu wa kamera, sufuria zangu tatu zilikuwa zimeshapakwa, zimeegeshwa ukutani, zinangoja moto.

Mpishi akapitisha kidole ubavuni mwa ile kubwa, akakiinua mbele ya kamera.

"Dada, hii nini?"

"Majivu, kaka. Nimepaka."

"Umepaka mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na kesho nitapaka tena."

Mpiga picha akaangua kicheko mpaka kamera ikatikisika. Nikawaeleza yote kama nilivyoeleza hapa. Nikachota maji, nikaimwagia sufuria ile, nikaisugua kwa kiganja, ikang'aa mpaka mpishi akaona kofia yake ubavuni mwa sufuria.

"Kumbe!" alisema. Nilimsikia kwa masikio yangu, na kamera ilikuwa inamulika.

Baadaye nikakaa kwenye kibao kukata vitunguu vya kachumbari, beseni zima. Yule binti akachuchumaa mbele yangu na kipaza sauti.

"Sista, unajisikiaje hoteli inapokosa wateja?"

"Watarudi," nikamwambia, na machozi ya vitunguu yananitiririka mashavuni. Nikayafuta kwa bega, nikaendelea kukata.

Siku ya kipindi, Jumapili jioni, nilivaa kitenge nilichoshonewa na fundi yule yule. Jirani yangu alinitolea kiti ndani, watu wakajaa dirishani. Kwanza kikaonekana kidole cha mpishi kikiwa na majivu. Sauti ikasema, "Vyombo vya hoteli hii havijaoshwa kwa siku nyingi." Kisha nikaonekana mie, machozi yananitoka, na nyuma kinanda kinalia kama cha msibani. "Mwenye hoteli alilia kwa aibu." Beseni la vitunguu halikuonekana. Wala yale maneno "Watarudi" hayakusikika. Na "Kumbe!" ya mpishi ilikwenda wapi? Mwisho ikaja sufuria yangu kubwa, inang'aa, maji yanachuruzika. "Hii ndiyo hali baada ya siku mbili za kazi ya mtaalamu wetu."

Sufuria ile ile. Maji yale yale. Kiganja changu wamekikata kwenye picha.

"Mbona hukutuambia kama ulilia?" jirani akaniuliza.

"Vitunguu!"

"Aa, mwenzangu, usione haya, sote tunalia."

"Nimesema vitunguu!"

Hakunisikia. Watoto dirishani walikuwa wanapiga makofi.

Kesho yake bombani mwanamke mmoja alinisogezea ndoo yake kwa mguu. "Jamani mpisheni mama wa televisheni, asije akatupaka." Wakacheka wote, hata wale ambao najua wanapaka majivu sufuria zao. Hao ndio walioniuma. Niliwatazama mmoja mmoja, wakainamia ndoo zao. Hakuna aliyesema, "Hata mie napaka." Waashi hawakuja siku hiyo, madereva nao wakafuata. Ijumaa nilipika pilau tukaila wenyewe mpaka Jumamosi. Jumapili ilipofika televisheni ikatangaza kwamba kwa maombi ya watazamaji kipindi kile kitarudiwa Jumapili inayofuata. Nilijua kikionyeshwa tena sina hoteli. Siku iliyofuata ndipo mzee wa watu akaja na sahani yake.

Mapokezini kwenye televisheni palikuwa na sakafu inayoteleza na dada mwenye kucha nyekundu.

"Una miadi?"

"Nina sufuria."

Akaangalia gunia, akaangalia mtoto, akanyanyua simu. Yule binti mwenye miwani akashuka. Sitasema alinifukuza. Alinisalimia vizuri, akamshika mtoto shavu.

"Sista, ndivyo televisheni ilivyo. Lazima pawe na kabla na baada. Bila hivyo hakuna kipindi."

"Hiyo baada yenu nimeiosha mie, asubuhi ya kwanza, hamjamaliza hata chai yangu."

"Lakini umejulikana, si ndiyo? Wengine wanalilia nafasi hiyo."

"Nimejulikana kwa uchafu."

Kisha akasema kwa upole, kama mtu anayeongea na mtoto, "Basi, kama una malalamiko, yanapokelewa kwa maandishi tu." Nadhani alijua ningeishia hapo.

"Nipe karatasi," nikasema. "Mbili. Na kalamu."

Niliandikia gotini, mtoto kapakatwa anavuta kalamu. Hasira ilikuwa imeshatulia, imekuwa kitu kigumu kinachoweza kupangwa mistari. Shule nilifundishwa barua rasmi ya kuombea kazi. Sikufundishwa ya kudai jina langu, lakini umbo ni lile lile. Dada wa mapokezi aliisoma yote, akaisoma tena, akachungulia ndani ya gunia. Akagonga mhuri kwenye nakala zote mbili. Nakala yangu ninayo. Inasema hivi:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIPINDI CHENU CHA KUOKOA HOTELI

Husika na somo hapo juu.

Mimi ni mwenye hoteli ya Mwananyamala mliyoionyesha Jumapili ya wiki juzi. Nalalamika kama ifuatavyo.

Mlichoita uchafu ni majivu. Nilimweleza mpishi wenu, akaelewa, na mlipiga picha wakati anaelewa. Picha hiyo mnayo. Machozi mliyosema ni ya aibu ni ya vitunguu. Mlikaa karibu na vitunguu hivyo, na ninyi mlikuwa mnafuta macho. Sufuria mliyosema ameisafisha mtaalamu wenu niliisafisha mimi.

Tangu mlipoonyesha kipindi hicho wateja hawaji, na aliyebaki anakuja na sahani yake.

Naomba msirudie kipindi hicho Jumapili mpaka mrudishe sehemu mlizokata. Kama mmezipoteza, njooni na kamera Jumamosi asubuhi kabla sijawasha moto, niwaonyeshe tena tangu mwanzo. Chai itakuwepo.

Nawaachia mapokezi sufuria yangu kubwa. Ndiyo ninayopikia wali, na bila hiyo siwezi kufungua, kwa hiyo msikae nayo. Ndani ni safi. Nje ina majivu na masizi ya leo. Mwageni maji, msugue kwa kiganja, muone.

Wenu katika biashara,

Mwenye sufuria.