Nilitoboa Chuchu ya Chupa ya Mwanangu

Ndugu wasomaji, nianze kujitukana mwenyewe kabla hamjanisaidia: mimi ni mjinga. Nilitoboa chuchu ya chupa ya mwanangu kwa sindano ya moto ili uji ushuke haraka, nipate kurudi kwenye kochi langu. Mtu mzima niliyemaliza kidato cha nne!

Ghala nilikokuwa karani lilifungwa biashara ilipofanywa huria. Wenzangu wakaingia sokoni. Mimi nikaingia ndani. Mke wangu ndiye aliyeanza safari za Tunduma kufuata vitenge, siku tatu, siku nne, na mimi nikabaki hapa mtaani kwetu Kizwite, mama wa nyumba mwenye ndevu.

Mwanangu, nitamwita Deo, alikuwa na miaka miwili. Shingo legelege, kumeza kwa shida, maneno hana. Hospitalini tukampata mama mmoja, mtaalamu wa watoto wenye shida ya kumeza na kusema. Akanionyesha.

"Mkalishe wima, baba. Kidevu kishuke kidogo. Uji wa ulezi uwe mzito, kila mara nusu kijiko cha chai. Subiri uone amemeza ndipo umpe kingine. Mdomo huo huo unaojifunza kula ndio utakaosema."

Bakuli moja, saa nzima! Mwezi wa kwanza nilivumilia. Deo akaanza kufungua mdomo akiona kijiko, tena akatoa "ba". Mke wangu akasema anamwita baba. Nikamwambia, "Wapi! Anaita bakuli."

Halafu nikachoka. Kwenye mizigo ya biashara ya mke wangu mlikuwa na chupa za watoto. Nikachomoa moja, nikapanua tundu, nikakoroga uji mwepesi kama maji ya kunawa. Nikamlaza chali mapajani. Dakika tano, kwisha! Mtoto anakohoa, machozi yanamtoka, mimi namtania: "Meza, bwana mkubwa, hapa si hotelini!"

Siku moja alichungulia Mama Shija, jirani yetu Msukuma.

"Baba Deo, mtoto unamlisha au unamzamisha?"

"Mama Shija, wewe kanyweshe ndama zako, huyu niachie mimi."

Nilijiona nimesema!

Kliniki yule mtaalamu akiniuliza, najibu, "Kijiko, mama. Nusu nusu, kama ulivyoelekeza." Akanisifu mbele ya akina mama wote. Na mimi nikavimba kama chura!

Mchana mmoja uji ukaingia njia ya hewa. Deo hakukohoa. Alinitazama tu, midomo inageuka rangi ya zambarau. Nikapiga kelele kama mwehu. Mama Shija ndiye aliyeingia, akamnyakua, akamlaza kifudifudi mkononi, akampiga mgongoni mpaka uji ukatoka. Tukakimbia naye hospitali.

Nimonia. Wiki tatu wodini, mpira wa kulishia puani. Mtaalamu akaja kuniuliza tena, na mimi, pale pale kando ya kitanda, nikarudia: "Kijiko, mama." Jamani! Mtu anaweza kuwa mnyama kiasi hicho?

Mke wangu aliporudi aliikuta chupa jikoni. Akachomeka njiti ya kiberiti kwenye chuchu, ikapita na kichwa chake. Hakunipiga, hakunitukana. Aliibeba hadi wodini, akamkabidhi mtaalamu mbele yangu.

Mapafu yamepona. Lakini Deo akiniona anakaza meno, anajitahidi kugeuza kishingo chake asinione. Kwa mama yake anakula. Mama yake akisafiri, anakula kwa Mama Shija. Mimi nikiwemo tu chumbani, hali chochote! Na ile "ba" haijasikika tena. Siku hizi ningeshukuru hata kama anaita bakuli.

Wenzangu mliojaliwa watoto wa namna hii, hasa akina baba mnaojiona mmesoma: mkiambiwa msubiri, subirini! Msimlaze, msimmiminie, na mkikosea msimdanganye anayewasaidia. Mtoto aliye mapajani mwako hana pa kukimbilia.

Jana mchana nilijaribu bahati yangu. Niliingia polepole, nikakaa pembeni, mikono mitupu, Mama Shija akimlisha. Deo akaniona, akafumba mdomo. Mama Shija akaweka kijiko chini. Safari hii hakutania hata kidogo.

"Baba Deo, toka nje. Mtoto anataka kula."