Bi Wasiwasi na Ubatizo wa Mtoto wa Kaka Yake

Alizaliwa tarehe kumi na nne Machi, mwaka 1931, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi saa, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho. Mama yake alifariki siku tisa baadaye, na baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliwalea yeye na kaka yake kati ya benchi la kazi na benchi la kanisa. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, aliwapiga ishara ya msalaba kwenye paji la uso, akitaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu taratibu, kama mtu anayeogopa kudondosha kitu kidogo. Binti alirithi uangalifu huo, ila kwake uligeuka kuwa hofu. Alikuwa akifunga mlango, anarudi kuujaribu, anatembea hatua kumi, kisha anarudi tena. Kaka yake alimtania kwamba siku ya kiyama atachelewa mbinguni kwa kuhakikisha kama kaburi amelifunga vizuri.

Alipofikisha miaka kumi na tisa alijiunga na chuo cha ukunga, akasema kwamba Mungu alimwita kwenye kazi ile ile iliyomtia hofu kuliko zote. Padri wa hospitali aliwafundisha wanafunzi kubatiza mtoto aliye katika hatari ya kufa: maji yatiririke kichwani, na majina matatu yatajwe. Mwezi wa pili tu wa kazi, mtoto alimfia mikononi mara baada ya maji, na yeye hakuwa na hakika kama alimtaja Roho Mtakatifu au ulimi ulikwama. Alikimbia hadi kwa padri na aproni yake ikiwa bado imelowa. Padri alimwambia, “Binti yangu, Mungu hafungwi na ulimi wako.” Aliamini, lakini hakutulia. Tangu siku hiyo alibatiza kwa sauti ya kusikika wodi nzima, na alimwomba muuguzi wa karibu ashuhudie kila neno. Wenzake wakambandika jina la Bi Wasiwasi, na mpaka leo waamini hawamjui kwa jina jingine.

Wakati huo kaka yake, aliyekuwa seremala, alihamia kwa waumini waliojiita Wana wa Jina Moja. Hao walifundisha kwamba Baba, Mwana na Roho si nafsi tatu, bali ni vyeo vitatu vya Mmoja, na jina lake ni Yesu. Kwa hiyo walibatiza kwa jina hilo peke yake. Alikuja mezani kwa baba akiwa na furaha ya mtu aliyeokota lulu. “Mimi ni mwana wa baba, ni kaka yako, ni seremala,” alimwambia dada yake. “Je, tumekaa watatu kwenye kiti hiki?” Bi Wasiwasi aliinuka akakusanya vikombe. Siku nyingi alizunguka wodini na swali hilo kifuani kama mwiba wa samaki: asipoweza kuitetea imani yake, je, anaiamini kweli?

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 1965. Mke wa kaka yake, baada ya miaka saba ya kungoja, alijifungua mtoto wa kike kabla ya miezi kutimia, katika wodi ile ile. Kaka alikuwa ameitwa kutengeneza milango ya shule, mwendo wa siku nzima kutoka hapo. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni pa wodi, kofia mkononi. “Dada, nakujua. Usimmwagie mwanangu majina yako matatu.” Alimjibu, “Sitafanya lolote kwa kificho.” Siku ya tatu, saa sita mchana, midomo ya mtoto ikaanza kuwa ya bluu. Mama yake akamshika Bi Wasiwasi mkono. “Wifi, mbatize. Mimi ndiye niliyembeba. Nataka aende kama nilivyobatizwa mimi.”

Mashahidi wanasema aliinua beseni la maji, akalirudisha chini, akaliinua tena. Upande huu roho ya mtoto na ombi la mama. Upande ule ahadi. Alimwachia muuguzi mtoto, akakimbia ofisini kwa matroni, akapiga simu shuleni. Dakika zile za kungoja seremala aitwe kutoka juu ya ngazi, alisema baadaye, zilikuwa ndefu kuliko maisha yake yote.

“Kaka, mtoto anatuacha. Mama yake ameomba, nami nakwenda kumbatiza sasa hivi, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Nakuambia ili isiwe siri.”

“Ukifanya hivyo, huna kaka.”

“Basi mimi sitakuwa na kaka,” akasema, akilia, “lakini wewe dada unaye.”

Akarudi, akabatiza kwa sauti. Mtoto aliishi saa tatu nyingine kifuani kwa mama yake. Kaka alimzika mwanawe kwa taratibu za kundi lake, na Bi Wasiwasi akazuiwa kuingia. Alisimama nje ya ukuta wa makaburi mpaka watu wote walipotawanyika. Kwa miaka kumi na moja kaka hakumsemesha. Kila mwezi Bi Wasiwasi alimwandikia barua, na kila mwezi alimuungamia padri kosa lile lile ambalo padri alikataa kuliita kosa. Hakuwahi kujua kwa hakika kama alimtii Mungu au alimvunja tu ndugu yake. Aliendelea na kazi bila kujua.

Mwaka 1976 kaka alianguka kutoka juu ya paa akavunjika nyonga. Wifi akamwita Bi Wasiwasi. Alipofika, kaka akasema, “Lile swali langu hukuwahi kulijibu.”

“Yule kaka aliye ndani yako hajawahi kupiga magoti akamwomba seremala,” alisema Bi Wasiwasi. “Bwana Yesu aliomba bustanini mpaka jasho likamtoka. Kama hakuwa na Baba wa kumsikia, alikuwa akiongea na nani?”

“Na hao watatu wako, mbona si miungu watatu?”

“Siwezi kulieleza likaisha, kaka. Najua tu kwamba Mungu ni mmoja, na kwamba upendo ndani yake haukuanza siku tulipoumbwa sisi.”

Kaka hakuiacha imani yake. Lakini alimsogezea kiti cha kando ya kitanda, na tangu siku hiyo dada alikuwa akimtembelea kila Jumapili alasiri, wakibishana mpaka chai inapoa.

Bi Wasiwasi alifariki tarehe mbili Juni 1994, akiwa na miaka sitini na mitatu, baada ya kuomba mara mbili ahakikishiwe kwamba amepakwa mafuta matakatifu. Akina mama wengi wanasimulia juu ya watoto waliokuwa wamekata pumzi wakalia tena yeye, ingawa amekufa, alipoombwa awasaidie. Kanisa linayachunguza hayo bila haraka. Katika uchunguzi huo aliitwa pia kaka yake, mzee wa fimbo. “Siyaamini majina matatu kama alivyoyaamini yeye,” alisema. “Lakini katika maisha yangu, ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kufanya jambo nyuma ya mgongo wangu.”

Basi tumwige, hasa sisi tunaodhani kwamba mtakatifu ni mtu asiyetikisika. Mkunga mmoja kijana, siku yake ya kwanza wodini, aliwahi kumuuliza Bi Wasiwasi hofu huisha lini. Naye akamvuta hadi kwenye bomba la maji.

“Haiishi, mwanangu,” alimwambia. “Nawa mikono, twende.”