Fundi alitaka kukata mbao yangu ya mwisho ya mvule kwa mstari wa marker pen

Wakuu, hamjambo humu ndani. Vijana, niaje.

Haya niliyaona na macho yangu mawili. Moja lilifanyiwa operesheni, kwa hivyo tuseme moja na nusu. Lakini uongo hakuna.

Marehemu mume wangu, Zebedayo Wekesa, alikuwa seremala wa mabehewa ya reli. Tulikaa Makongeni mpaka akastaafu, tukahamia hapa Buruburu. Aliniachia mbao tano za mvule, pana, zimekauka vizuri.

Mbili zikawa jeneza lake, vile alivyotaka. Moja ikawa meza ya kanisa. Moja shemeji yangu Nicodemus aliiazima, na mpaka leo bado anaiazima.

Ilibaki moja. Mvule wa upana huo siku hizi utauona kwa picha. Ukikosea kukata, umekosea milele.

Sasa, jikoni kwangu kulikuwa na meza ya chipboard, imejengewa katikati ya kuta mbili. Ilikunywa maji miaka mingi ikavimba kama andazi. Nikasema basi, mbao ya Zebedayo itaingia pale, nikatie sukuma wiki juu yake mpaka siku yangu ifike.

Mke wa mwanangu, Lilian, akasema ana fundi.

Fundi mwenyewe ni Evans, mtoto wa Peninah wa nyumba ya kona. Nasema mtoto, lakini ana upara. Namjua tangu akiwa na surua.

Evans akafungua mkoba. Wakuu, vifaa!

Ikatoka leza, ikapiga mstari mwekundu ukutani, jikoni kukawa kama disko. Likatoka chanuo la plastiki la kuiga umbo la ukuta, lina meno mengi kuliko mimi. Ikatoka tepu ya kupimia.

Halafu kikatoka chombo cha kuchorea. Marker pen. Ile ya kuandika "maziwa iko" kwa katoni.

Akapima mbele, mara moja, akaandika kwa kiganja.

"Na huko nyuma je?" nikamuuliza.

"Shosh, ukuta ni straight. Si unaona leza?"

Shosh ndiyo nyanya, kwa lugha yao. Asante, injinia. Ukuta huo umepigwa plasta na watu watatu, Ndolo, Kipkemboi na Baba Shiku, kila mmoja juu ya kazi ya mwenzake. Una kitambi katikati kumshinda Baba Shiku mwenyewe. Leza iko straight, sikatai. Ukuta haujaambiwa.

Akachora kwenye mvule. Mstari mnene kama punje ya mchele.

"Sasa utakata upande gani wa huo mstari?"

"Wowote tu, shosh. Ikibaki nafasi tunapiga filler."

Filler, ule ujiuji wa kuziba nyufa! Wakuu, Eastlands hii imeshikwa na filler kuliko simiti. Mlango umeachana na fremu, filler. Kabati limeachana na ukuta, filler. Kuna ndoa hapa Buruburu nashuku pia zimepigwa.

Akawasha msumeno wa umeme.

Mimi nikafanya kile mwanamke wa umri wangu anaweza kufanya. Nikakalia mbao.

"Shosh, simama bana."

"Nimechoka miguu, baba. Wewe endelea tu, utanipita kando."

Lilian alicheka mpaka akatoka nje. Evans akazima mashine.

Hapo nikamwambia vile Zebedayo alikuwa anafanya. Kwa nafasi kama hiyo hakupima na tepu. Alileta kipande cha plaiwudi karibu na ukuta, akashika bikari. Mguu mmoja unatembea ukutani, mwingine wenye penseli unachora kwa plaiwudi. Kitambi cha ukuta kinahamia kwa plaiwudi vile kilivyo. Ukuta wa pili, kipande cha pili. Halafu unavipigilia pamoja palepale, na hicho ndicho kipimo unachoweka juu ya mbao nzuri.

Na mbao nzuri haichorwi na penseli. Ni ncha ya kisu. Mstari wa kisu hauna upande wa kubishania.

Bikari ya chuma ya Zebedayo iliondoka na Nicodemus, safari moja na ile mbao. Nikatoa ya shule, ya hesabu, kutoka kwa droo. Nikampa Evans kwa maringo, nikaketi kama mkaguzi.

Akachora, akakata plaiwudi, akaisukuma ukutani.

Mende angepita hapo na mizigo yake.

Bikari ilikuwa imelegea pale juu. Ikitembea inafunguka, ikifunguka inadanganya. Evans akaniangalia kwa heshima zote.

"Shosh, nilete filler?"

Nilistahili. Na ingekuwa ni mvule tumekata, leo ningekuwa naandika tanzia.

Evans akapekua mfuko wa suruali, akatoa washa, ile duara ya chuma yenye tundu inayokaa chini ya nati. Akaingiza ncha ya penseli kwa tundu, akaiviringisha ukutani kutoka mbele mpaka nyuma, penseli ikachora njia yake. Washa haina mguu wa kulegea. Umbali ni uleule, kitambini, bondeni, popote.

Tukajaribu plaiwudi mpya. Ikakaa.

"Nani alikufundisha hiyo?"

"Hivi ndio naweka gate kwa ukuta wa mawe."

"Gate? Kwani wewe ni fundi wa nini?"

"Mimi ni welder, shosh, wa kuchomea vyuma. Mbao nimeanza wiki hii."

Na Lilian hapo nje! Alijua!

Haya. Mimi ninayekumbuka jina la kila aliyenipigia plasta, namjua huyu, mama yake na surua yake, sikuwahi kumuuliza anafanya kazi gani.

Tulichora mvule kwa kisu cha jikoni, nimekinoa mwenyewe. Evans akakata nje kidogo ya mstari, akamalizia na tupa yake ya vyuma, polepole, akipuliza vumbi. Mimi hata kupumua nilipunguza.

Mbao iliingia kwa kusukumwa na viganja. Katikati ikagoma, akatoa unywele mmoja wa mbao na tupa, ikashuka. Nilijaribu kupitisha risiti ya supermarket pale ukutani, haikupita. Nikapitisha mkono wangu juu yake yote, nikaomba msamaha wa kelele zangu. Evans akasema ni sawa, mama yake ni mbaya zaidi.

Funzo langu: chombo cha kuchorea hakihitaji betri, kinahitaji kutolegea. Jaribuni kwanza kwa kitu mnachoweza kutupa. Na fundi akija, kabla ya chai, mwulizeni wiki jana alikuwa nani.

Nyinyi mnachorea na nini huko kwenu? Semeni, nasoma zote, ila naandika kwa kidole kimoja, msiniharakishe.