Shemeji na Tawi la Mlimau

Tawi la mlimau wetu wa uani lilipasuliwa na upepo, likabaki linaning'inia kwenye gome tu. Shemeji, mume wa dada yangu, alilirudisha mahali pake, akalifunga kwa vipande vya shuka kuukuu na kuniambia, kwa sauti ile ya daktari wa redioni, "Sasa tuliache lipumzike."

Tuliache! Kila asubuhi namkuta amechuchumaa pale pale, vidole vyake vinene vikifungua fundo taratibu, kama anayemvua soksi mtoto aliyelala. Anachungulia ufa, ananusa, anafunga tena. "Naangalia tu kama limeshika." Litashika saa ngapi, baba, na wewe huliachi? Nimegomba mpaka koo limenikauka. Juzi nilizungushia waya juu ya kitambaa. Jana akaja na koleo la kukatia waya. Nikamwita dada aje amchukue mtu wake. Dada akacheka. "Mzoee tu. Nilipofanyiwa upasuaji, alikuwa akiniamsha kuniuliza kama nimelala."

Shemeji hakugeuka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kitambaa, ametulia kabisa.

"Lina joto," akaninong'oneza. Kisha akakata waya.